Nani Anakulipa, Mama?

Pasiansi, Mwanza
18 Januari

Mwanangu, mama yangu,

Sisi huku wazima, ila goti langu la kulia siku hizi linajua mvua inakuja kabla ya redio. Naandika kwenye daftari la mdogo wako, yeye atapiga picha akutumie. Kwenye simu hatuwezani. Nikiuliza swali mtandao unakatika, na ukirudi umeshahamia kwenye habari nyingine. Karatasi haikatiki.

Swali ni lile lile. Mwisho wa mwezi nani anakulipa?

Habari ya Berlin nimeielewa. Mama yako ameitangaza soko zima la Mwaloni, hata wabeba mizigo wanajua kwamba mwezi wa pili binti yake anakwenda Ujerumani, kwenye tamasha la filamu wanakoshindania tuzo ya Dubu wa Dhahabu, na kwamba amechaguliwa pamoja na wahakiki wa filamu vijana wa nchi nyingine. Dubu njiani amegeuka simba, lakini heshima ni ile ile. Mimi mwenyewe nimemwambia fundi baiskeli, na yule kinyozi asiyetupenda. Nimefurahi. Lakini barua yao uliyonisomea ina chumba, ina chai ya asubuhi, ina kadi ya kuingilia kwenye sinema. Mshahara sikuusikia. Kule benki ulikoacha kazi kulikuwa na mshahara, bima, na kiti chenye magurudumu.

Unasema kwenye tamasha mtu anaangalia filamu nne au tano kwa siku, usiku anaandika, asubuhi mhariri anataka kazi. Zanzibar ulifanya hivyo hivyo pale Ngome Kongwe, ukarudi umekonda, na pesa ya makala zile ikaja Krismasi. Sisi kiwandani tulikuwa vibarua, ndiyo, lakini kila Jumamosi mtu alijua chake. Sangara anaingia mzima, unapitisha kisu nyuma ya shavu, unakishusha na mfupa mpaka mkiani, unamgeuza. Mnofu huku, panki kule, yaani kichwa na mifupa. Mnofu wa Ulaya, panki la mitaani. Bondo, lile puto la hewa la tumboni mwa samaki, linakwenda kwenye ndoo ya peke yake, na ndoo ile msimamizi aliihesabu kuliko alivyotuhesabu sisi. Kila kipande kina mwenyewe na bei yake. Sasa makala yako ni mnofu, panki au bondo? Hujanijibu.

Halafu hili la filamu. Umesema makala yako ndefu ni ya Darwin's Nightmare, ile dokumentari ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa hapa kwetu, na kwamba huko watakuuliza kwa sababu wewe ni mtu wa Mwanza. Basi kuna jambo uliweke sawa kabla hujasimama mbele za watu.

Mwaka 2006 Rais Kikwete alipoisema vibaya ile filamu, watu waliandamana hapa mjini. Ulikuwa darasa la pili. Nilikuwepo. Bango nililikuta limeshaandikwa, mimi nilipewa mti wa upande mmoja. Msimamizi alisema atakayekwenda siku yake itahesabiwa kama amekata samaki, na soda juu. Filamu sikuwa nimeiona, wala sikumjua mtu aliyeiona. Tukasema ni ya uongo, inatuchafua, tukatembea, tukanywa soda. Mwaka huo huo ilikuwa imefika mpaka kwenye Oscar, ikashindwa na filamu ya pengwini. Sisi hata hilo hatukulijua. Kwa hiyo ukiwaeleza habari za uhakiki wa filamu, waambie katika ukoo wetu wa kwanza kulipwa ni baba yako.

Nimelicheka hili mwenyewe jana usiku, halafu nikakosa usingizi.

Siku uliyonionyesha filamu yenyewe kwenye kompyuta yako uliona nimenyamaza, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa namtazama yule mtu wa mnara wa uwanja wa ndege anayehangaika na mdudu kwenye kioo. Nikatazama yale mapanki kwenye vichanja, na funza. Ile harufu naijua. Filamu haina harufu, hapo imetupendelea.

Kuhusu silaha ambazo filamu inadokeza zililetwa na ndege za kubeba minofu, usinisemee. Zile Ilyushin zilipita juu ya paa letu, zilishusha nini sijui, mimi nilikuwa ndani na kisu na gambuti. Kutoona kwangu si ushahidi wa upande wowote. Yule rubani anayesema watoto wa Angola walipata bunduki na wa Ulaya wakapata zabibu, sura yake ni ya mtu mkweli, lakini sura si risiti. Wewe ndiye uliyesoma, pima.

Ila rasimu uliyonitumia nimeisoma mara mbili, nikijitafuta. Umeweka marubani, umeweka watoto wanaovuta gundi, umeweka wale dada wa baa. Mkata minofu hayumo. Kisu kile ndicho kilichokulipia ada mpaka chuo, mama. Au ndivyo wanavyonunua huko? Hapa minofu ilikwenda Ulaya tukabaki na mapanki. Kwenye matamasha yenu naona ni kinyume, wanaagiza mapanki. Ndiyo maana nang'ang'ana na swali langu. Siku niliyolipwa mimi nilisema nilichoambiwa.

Ya kibanda umiza, kile cha video cha mtaani, siyarudii, unayajua, na mama yako alishanisema vya kutosha. Ila ujue hivi: yule mtafsiri aliyekuwa anapiga maneno juu ya sauti za Wachina, hata mimi nilikuwa nasimama nje ya turubai kumsikiliza nikitoka zamu. Siku ile nilikukuta kwa sababu nilikuwepo.

Ule kabla ya kuingia gizani. Usisaini karatasi hujaisoma yote. Bongo Muvi usiiponde mbele ya Wazungu; iponde hapa nyumbani, tutakusaidia. Wakikuonyesha sanamu ya Bismarck waambie wa kwetu ni jiwe, limekaa ziwani na ndege wanamnyea.

Mdogo wako anasubiri matokeo ya kidato cha nne na amekuwa mpole ghafla, anachota maji bila kutumwa. Mama yako wiki iliyopita hakuuza sana, mwezi ulikuwa mkubwa na mitumbwi ya dagaa haikutoka. Bati la jikoni limeng'olewa na upepo, nimelirudisha kwa misumari ya zamani. Yule kuku mweupe uliyesema achinjwe ukija ametotoa, kwa hiyo hachinjwi.

Juzi nilikwenda Mlango Mmoja kukutafutia koti. Nilisimama kwenye mitumba saa nzima mpaka muuzaji akaniuliza kama nafungua duka. Nimepata la sufu, zito kama mtoto wa mwaka mmoja, la rangi ya majivu. Mfukoni nimekuta tiketi ya treni ya kizungu iliyofubaa, nimeiacha humo humo, huenda ukaweza kuisoma. Kifungo kimoja hakikuwepo. Mama yako ameshona cha shati langu la kazi, kile cheupe, hakifanani lakini kinashika.

Limeondoka na basi la alfajiri ya leo. Kachukue stendi ya Magufuli hapo Dar kesho, uende na kitambulisho, jina nimeandika lako kamili. Mzigo nimeshaulipia huku, wasikutoze mara mbili.

Ni mimi baba yako