Mpangaji wa nyumba naye akae kwenye kamati ya mipango miji

Mhariri, salaam.

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba kamati za mipango miji kwenye halmashauri zijazwe wasomi watupu, wenye digrii za mipango miji na uhandisi, eti kwa sababu madiwani hawajui kusoma ramani. Hasira yake naielewa, mji umeharibika kweli, ila dawa anayotuandikia mi naona ni ya ugonjwa mwingine.

Tuwekane sawa kwanza nani anakaa mle ndani. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri yenyewe, na huku kwenye manispaa kazi hiyo inapitia kamati ya madiwani ya mipango miji na mazingira. Afisa mipango miji anakuja na mchoro, anaeleza na kupendekeza, waheshimiwa wanajadili, halafu jambo linapanda baraza zima. Na huyo mheshimiwa diwani ili agombee anatakiwa awe raia mwenye miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri na awe na chama kilichomdhamini na awe na njia halali ya kipato, ila mi sijaona mahali anapoulizwa kabla ya kupangiwa kamati kama riziki yake inatokana na kununua na kuuza viwanja.

Kwa hiyo wasomi wapo tayari, tena ndio wanaochora! Tangu 2007 hiyo hiyo kuna bodi inayosajili wataalamu wa mipango miji, mtu ana muhuri wake na namba yake. Mi sijasikia mchoro wowote mbovu ulioletwa kikaoni na muuza mkaa.

Nikupe mfano wa huku kwetu, mtaa siutaji wala manispaa siitaji maana sitaki kesi. Kulikuwa na kiwanja ambacho kwenye mchoro wa zamani ni eneo la wazi, watoto wanapiga mpira, jioni wamama wanapanga meza za samaki. Siku tunashangaa tipa zinamwaga kifusi, kuuliza tunaambiwa matumizi ya ardhi yameshabadilishwa, inakuja sheli. Bango la kusudio, lile la kutangaza kwamba matumizi ya ardhi yatabadilishwa, lilikuwepo? Lilikuwepo bwana, kibati kidogo kimegongelewa nyuma ya mwarobaini kinatazama ukuta, maandishi ya Kiingereza, na nusu mvua imeshayafuta. Ukisema hamkutangaza wanakwambia tulitangaza, na picha ya kibati wanayo kwenye faili.

Sasa sikiliza hapa. Ule mchoro uliopitishwa unaonyesha mtaro unazunguka pembeni ya kiwanja mpaka barabara kubwa. Mtaro huo haupo, haujawahi kuwepo, maji ya masika yanakata katikati ya kile kiwanja yanaingia uchochoro wa nyuma, na anayejua hilo vizuri kuliko mtu yeyote ni mama mmoja anachoma vitumbua pale kona, kwa sababu kila mwezi wa nne anahamisha jiko na meza yake anapanda nazo juu kidogo karibu na duka la vocha, mvua zikikata anarudi. Ukimuuliza maji yalifika wapi mwaka gani anakuonyesha kwa mkono kwenye ukuta. Yule mama ni mpangaji, chumba kimoja, yuko hapo tangu mwanawe wa kwanza hajaanza chekechea na sasa hivi yule mtoto yuko sekondari. Kwenye mkutano wa mtaa alinyoosha mkono akaambiwa subiri kwanza mama, tuanze na wenye nyumba.

Wenye nyumba wenyewe wako wapi? Wangu mimi anakaa Kibaha, anamtuma kijana kuchukua kodi ya miezi sita, choo kikijaa tunampigia simu haipatikani. Lakini huyo ndiye mdau! Hata wakati wa urasimishaji, ile ya kupimiwa makazi yaliyojengwa bila mpango na kuchangia laki na nusu kila kiwanja, ilikuwa hivyo hivyo, mpangaji ukienda kikaoni unaonekana umekuja kunywa soda. Dar es Salaam kwa sensa ya 2022 tuna watu milioni tano na laki tatu na ushee, hebu msomaji hesabu kwenye uchochoro wako wangapi wana nyumba na wangapi wanalipa kodi, halafu uniambie hao wa pili ni wageni wa nani.

Hoja yangu basi ni moja. Anayefaa kukaa kwenye kamati inayoamua sheli iende wapi, godauni liende wapi, uwanja wa watoto ubaki au uende, ni mtu atakayeishi na hayo maamuzi na asiyepata hela kwa hayo maamuzi. Hati ya kiwanja siyo sifa, na digrii ni nzuri ila nayo siyo sifa yenyewe. Madiwani wabaki, tumewachagua, ila waongezewe wakazi wawili watatu wenye kura kwenye mambo ya kubadili matumizi ya ardhi, na kati yao mpangaji asikosekane.

Wakisema sheria haiwezi kuingia kwenye mambo madogo madogo kama hayo, mbona imeshaingia? Baraza la ardhi la kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lina watu saba na watatu wawe wanawake. Baraza la ardhi la kata, kwa sheria ya 2002, wajumbe wasipungue wanne wasizidi wanane, watatu wanawake. Yani mkigombania mpaka wa shamba la mihogo Bunge limekaa likafikiria nani awasikilize, ila likija suala la tangi la petroli chini ya dirisha la watu linaachiwa wale wale waliopangiana kamati baada ya kuapishwa.

Wenzetu wameshajaribu. Wakenya kwenye sheria yao ya miji na majiji ya 2011 walitenga nafasi kwenye bodi za kusimamia miji zipendekezwe na vyama vya wataalamu, sekta binafsi, sekta isiyo rasmi na vyama vya wakazi wa mitaa, ina maana mmachinga naye aliwaziwa. Na kule Marekani jimbo la Oregon sheria yao inasema kwenye kamisheni ya mipango ya mji wajumbe wenye kura wasizidi wawili ambao kazi yao kubwa ni kununua, kuuza au kuendeleza ardhi na majengo kwa faida, na pia wasizidi wawili wa kazi ya aina moja. Hiyo ya pili ndio imenifurahisha zaidi, maana ukiifuata hata wahandisi watupu hawawezi kujazana humo, labda msomaji mwenzangu aliyeandika ile barua angehamia huko angenielewa.

Madalali mi siwachukii jamani, nina ndugu yangu dalali, na kwa bei za viwanja hakuna afisa anayemfikia. Akae, lakini mmoja, na aandike anamiliki nini na anauza cha nani, na siku ajenda inagusa biashara yake atoke nje mpaka watu wamalize. Siyo kusema nina maslahi halafu anabaki kiti kile kile anakunywa maji.

Najua nitajibiwa kwamba mpangaji leo yupo kesho kahama. Sawa, weka miaka mitano mfululizo kwenye kata hiyo hiyo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake isitoshe maana ataandikiwa shemeji, majina yabandikwe ofisini ukutani, kwa Kiswahili, wiki mbili watu wayaone wapinge, kisha mkutano mkuu wa mtaa upige kura ya siri, siyo kunyoosha mikono huku mwenye nyumba wako kakaa kiti cha mbele anakutazama. Posho walipwe sawa na wengine, kwa sababu mama wa vitumbua akifunga biashara siku nzima kuja kikaoni hakuna wa kumfidia, na ukimwambia ni kujitolea umeshamtoa kiaina.

Kuna sehemu nakubaliana na ile barua kabisa. Jengo lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024 na watu wakafia chini ya zege, kilichohitajika pale ni mhandisi mwenye msimamo, siyo kura za wakazi. Nguzo inabeba ghorofa ngapi, nondo za ukubwa gani, wachimbe chini kiasi gani, hayo aseme aliyesomea na akisema hapana iwe hapana, diwani asipige simu. Ila swali la jengo litasimama au litaanguka ni tofauti na swali la je tunalitaka hapo, na hilo la pili hakuna chuo kinachotoa cheti chake.

Kitu kingine, kikao cha baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia akakaa nyuma akasikiliza, ila mambo yanakuwa yameshaiva kwenye kamati ambako sisi hatuingii, kwenye baraza yanapita kwa dakika chache tu, "wanaoafiki waseme ndiyo." Kwa hiyo hata wakitunyima kura basi watupe viti viwili mle kwenye kamati na nakala ya mchoro kabla ya kikao, siyo baada.

TAMISEMI ndio wasimamizi wa halmashauri, waanze na manispaa za Dar halafu waone. Na kabla hawajaanza waagize mabango yote ya kusudio yawekwe upande wa barabara, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka mtu akiwa ndani ya daladala.

Mpangaji, Dar es Salaam.