Mtoto anapatia E za juu na chini tu, za kulia na kushoto anakosa? Msimgombeze kwanza

Wazazi, leo tuongee kuhusu ile chati ya E ukutani ya kupimia macho, maana hapa dukani kwetu kwa miwani haikosekani mzazi anayemkaripia mwanae "acha kubahatisha bwana!" kumbe mtoto anasema kile anachokiona.

Iko hivi. E iliyogeukia kulia au kushoto ina mistari mitatu imelala, ikigeukia juu au chini mistari ileile imesimama. Sasa mtoto mwenye astigmatizimu, yaani kioo cha mbele ya jicho kimejikunja zaidi upande mmoja kama yai lililolazwa, mwanga hautui sehemu moja, kwa hiyo mistari ya upande mmoja inatoka safi na ya upande mwingine inavimba mpaka inagusana. Kwa watoto wengi ya kulala ndo inayofifia. Ukimwonyesha E inayotazama juu anakujibu fasta, igeuze kulia uone: anafinya macho, anainamisha kichwa, halafu anataja upande wowote ili yaishe, kwa sababu anachokiona pale ni kibonge cheusi tu.

(Mistari ya mshazari hata sisi wenye macho mazima tunaiona hafifu kidogo kuliko ya kusimama na ya kulala, ndivyo ubongo ulivyo, hiyo haina tiba na wala haihitaji.)

Kinachotutia wasiwasi ni umri. Miaka ya mwanzo ubongo bado unajifunza kuona, ukiletewa mistari ya kulala yenye ukungu kila siku haujifunzi kuichambua vizuri, na mtoto akija kupata miwani akiwa na miaka 10 anaweza bado kuona mistari ya kusimama vizuri kuliko ya kulala hata lenzi ikiwa sahihi kabisa. Hilo nalo ni jicho vivu, ila la upande mmoja wa mistari. Mkubwa naye husaidika, lakini mlete kabla ya darasa la kwanza jamani, na tukikwambia aende kwa daktari apimwe kwa matone usione tunakuzungusha, misuli ya jicho la mtoto hukaza na kudanganya namba.

Kwenye karatasi ya vipimo utaona CYL, hiyo ni nguvu, na AXIS, hiyo ni mwelekeo kwa digrii, mwisho 180, ambao CYL haina nguvu, nguvu yenyewe iko digrii 90 kutoka hapo. Hii AXIS watu wanaidharau sana. Lenzi ikizunguka digrii 10 tu mtoto anapoteza kama theluthi ya msaada wa CYL, ikifika 30 ni kama CYL haipo. Ndo maana miwani ya dada haivaliwi na mdogo wake, na ndo maana fremu za duara kwa watoto binafsi sizipendi, skrubu ikilegea kidogo lenzi inajizungukia humohumo ndani na huwezi kujua kwa kuangalia.

Siku za mwanzo anaweza kulalamika sakafu imeinama au kichwa kinamuuma. Avae tu kutwa nzima, ikipita wiki mbili bado analalamika mrudisheni tuhakiki AXIS. Kunyoosha fremu na kukaza skrubu ni bure, hata kama miwani hukununua kwetu.