Notisi za picha hazisomeki

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu, hasa wale wanaotutumia notisi za kozi zikiwa picha.

Mimi sioni, na nasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa nchini. Kompyuta yangu ina NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti ambayo Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kuitengeneza mwaka 2006. Haiuzwi, unaipakua bure. Inasoma hata Kiswahili, japo kwa lafudhi ya roboti aliyekulia mbali na pwani. Kwa hiyo anayedhani shida yetu ni vifaa ghali amepitwa na wakati. Kifaa ninacho, ila cha kusoma ndicho sipewi.

Mambo huenda hivi. Mhadhiri ana sura ya kitabu. Anaipiga picha kwa simu, au inaskaniwa steshenari, inakuwa PDF, anamtumia CR, yaani kiongozi wa darasa, naye CR anairusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wenzangu wanaisoma, hata kama kidole gumba cha mpiga picha kimekaa juu ya aya ya tatu. Nikifungua mimi, NVDA inaniambia ukurasa ni mtupu. Wala haidanganyi, kwa sababu ndani ya faili lile hamna herufi hata moja, ni picha ya karatasi tu. Hapo nalipitisha kwenye programu ya kutambua herufi, ambayo karatasi ikijikunja kidogo au ikiwa na mistari ya kalamu hunitolea vurugu isiyosomeka. Ikishindikana namlipa mtu anichapie upya. Nilipokuwa shahada ya kwanza fedha hiyo ilitoka kwenye bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, lile lile la chakula.

Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi maandishi yenyewe yapo. Mhadhiri ameandika notisi zake kwenye Word, akazichapisha, akazirudisha tena kwenye kompyuta kwa skana. Tasnifu nazo ni hivyo hivyo. Kwa kuwa ukurasa wa tamko unatakiwa kuwa na saini, mwanafunzi anaskani kitabu kizima na maktaba inakipokea. Si ingetosha kuskani ukurasa ule mmoja, zilizobaki zitoke moja kwa moja kwenye Word? Hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Linahitaji sentensi moja kwenye mwongozo wa kuwasilisha tasnifu, na mkutubi mwenye ubavu wa kulirudisha faili la picha kwa mwenyewe.

Na anayeandika kwenye Word atumie mitindo ya vichwa iliyomo humo, asikoleze na kukuza herufi kwa mkono. Kichwa kikiwekwa sawasawa, nabonyeza herufi H na kuruka hadi kinachofuata. Kisipowekwa, nasikiliza kurasa 60 tangu shukrani nikitafuta mbinu za utafiti ziko wapi.

Sisemi haya kwa ajili ya wasioona peke yetu. Mwenye ualbino na uoni hafifu akikuza picha anapata ukungu, lakini akikuza maandishi yanaweza kujipanga upya kwenye skrini yake. Viziwi ndio wamesahaulika kuliko sote, maana mihadhara inarekodiwa na kuwekwa mtandaoni bila maandishi ya chini. Yale yanayojitengeneza yenyewe hupotea njia mhadhiri anapochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, na nani asiyechanganya?

Nimewahi kujibiwa kwamba kugeuza kitabu kuwa maandishi ni kuvunja hakimiliki. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitungwa kwa sababu hiyo hasa. Unataka sheria za nchi wanachama ziruhusu taasisi zinazotuhudumia zitengeneze nakala tunazoweza kuzisoma, bila kumwomba kibali mwenye haki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Bado wapo wakutubi wanaomtuma mwanafunzi akalete barua ya mchapishaji.

Jibu jingine ni kwamba tuko wachache, tusubiri. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nacho kilichelewa. Mwaka 2016, baada ya viziwi wawili kulalamika, Wizara ya Sheria ya Marekani ilikiandikia kwamba mihadhara yake ya bure mtandaoni inakiuka sheria, mojawapo ya sababu ikiwa video zisizo na maandishi. Kufikia hapo rekodi zilikuwa zimezidi 20,000. Mwaka uliofuata chuo kiliona gharama ya kuzirekebisha ni kubwa, kikazifungia umma. Wapo waliowalaumu wale viziwi. Mimi namlaumu aliyeacha ya kwanza ipite hivyo, kisha ya pili, hadi mlima ukawa haupandiki. Vyuo vyetu havijafika huko, rekodi zetu bado zinahesabika.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini ukilalamika chuoni unaelekezwa kitengo cha mahitaji maalumu, na wafanyakazi wachache wa kitengo hawawezi kuchapa upya notisi za kila idara. Faili linaharibikia kwa anayelitengeneza, litengenezwe vizuri huko huko.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Wakaguzi wenu wanapofika chuoni, pamoja na kuangalia maktaba na madarasa, wafungue mfumo wa chuo kwenye kompyuta yoyote, waweke kipanya kando, wajaribu kusajili kozi moja kwa kibodi peke yake, kama nifanyavyo mimi nisiyeona kishale cha kipanya. Kisha wachague faili moja la notisi, lolote, wajaribu kunakili sentensi moja kutoka humo. Isiponakilika, waiandike kwenye ripoti kama wanavyoandika upungufu wa viti.

Mwanafunzi wa uzamili,
Morogoro