Vuvuzela haikutokana na "kuvuvia"

Mhariri,

Soka kubwa ikikaribia, hurudi hoja kwamba neno vuvuzela, lile baragumu la plastiki la mashabiki wa soka, ni letu Waswahili, limetoka kwenye "kuvuvia", na ushahidi hutolewa katika Yohana 20:22: "akawavuvia". Hoja hiyo inapendeza masikioni, ila haisimami. Kuvuvia moto kwa Kizulu ni vuthela. Baragumu hilo lingepewa jina kwa kitendo hicho, tungetegemea sauti ya "th" ibaki. Kamusi za Kiingereza, ambako neno limekwishaingia, huandika tu "pengine Kizulu". Kwa maoni yetu ni mwigo wa mlio, vuu-vuu, likavishwa -ela, kiishio kinachofanya kazi ya -ia na -ea zetu. Watswana nao wana jina lao: lepatata.

Kosa la pili ni kuchanganya asili ya neno na asili ya chombo. Husemwa vuvuzela ni mtoto wa pembe ya tandala iliyokuwa ikiita watu mkutanoni. Tazama tundu. Pembe za namna hiyo hupulizwa ubavuni, kama siwa ya Lamu. Vuvuzela hupulizwa nchani, kama tarumbeta ya bendi. Freddie Maake, mshabiki wa klabu ya Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, anadai alianza mwaka 1965 na honi ya baiskeli: aling'oa mpira wake mweusi, akapuliza kwa mdomo, kisha akaunga bomba kuirefusha. Baada ya hiyo ya bati kuonekana silaha viwanjani ikaja plastiki, na tangu 2001 kiwanda cha Cape Town kikaitoa kwa wingi.

Ina urefu wa kama sentimita 65, na wengi huishindwa kwa sababu wanaipuliza kama wanaopoza chai. Hewa hupita, mlio hautoki. Bana midomo, iweke ndani ya kikombe cha mdomo wa bomba, kisha sukuma pumzi hadi midomo yenyewe itetemeke, "brrr". Mashavu yasifure, maana yakifura midomo hulegea na sauti hukatika. Zile za vipande viwili au vitatu zikazwe vizuri maungioni. Zikivuja hewa, hukoroma tu.

Bomba halina matundu ya vidole, kwa hiyo hutoa kimsingi noti moja, kama mitetemo 235 kwa sekunde, na juu yake 470, 705 na kuendelea. Maelfu yakilia pamoja, kila moja imepishana kidogo na mwenzake, ndipo ukasikia mzinga wa nyuki wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, Juni na Julai 2010. Mafundi wa matangazo walijaribu kuchuja mitetemo hiyo, lakini sauti ya mtangazaji nayo inakaa humo humo. Ukikata sana, anasikika kama anaongea ndani ya debe.

Umbali wa mita 1 mbele yake, ukali wa mlio ni zaidi ya desibeli 110. Asielekezewe mtu kisogoni, mtoto hasa, na isipokezanwe mdomo kwa mdomo bila kuoshwa, maana mate hujikusanya ndani na hurushwa nje pamoja na pumzi.

Mkiliandika tena, tunaomba liwe hivi: vuvuzela, asili Afrika Kusini, pengine Kizulu. Hilo "pengine" lisidondoke.

Wasomaji wenu