Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu: Muulizeni mjamzito kuhusu sigara

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nje ya wodi ya watoto njiti hapa jijini Mwanza. Mjukuu wangu alizaliwa Jumanne ya wiki iliyopita kabla siku zake hazijatimia, kilo 1.8. Mimi na mama yake tunapokezana kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Dagaa wangu wa kupeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba hawana wa kuwaanika, na marejesho ya kikundi yananidai.

Binti yangu anavuta sigara. Nasema hadharani kwa ruhusa yake, maana pale mwaloni kwetu, mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, hayuko peke yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wanaosubiri mitumbwi hukesha kwenye baridi ya ziwa. Kibandani sigara zinauzwa moja moja. Aliposhika mimba, wenzake walimwambia aendelee kuvuta ili mtoto awe mdogo, asipate shida kujifungua. Mheshimiwa, hayo ndiyo mafunzo pekee aliyopata kuhusu sigara na mimba.

Kliniki alihudhuria mara 5. Kadi yake ninayo hapa. Alipimwa uzito, presha, damu na VVU, akapewa vidonge vya kuongeza damu na vya kuzuia malaria, akaulizwa hata kama anakula udongo. Sigara hakuulizwa hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mwenyewe, alinijibu, "Mama, ningeanzaje? Wangeniona malaya." Nilikosa la kumwambia.

Daktari wa wodini ndiye aliyetufungua macho. Nikotini hubana mishipa ya damu, na hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi hukalia nafasi ya oksijeni katika damu ya mama, hivyo kinachofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Mtoto anadumaa tumboni, anaweza kuzaliwa njiti au akafia humo humo. Hakusema kwamba sigara peke yake ndiyo iliyomleta huyu wetu mapema. Huenda ni makarai aliyobeba hadi wiki ya mwisho, huenda ni moshi wa mumewe katika chumba chao kimoja. Mimi moyo wangu unaniambia ni sigara. Daktari alisema kuacha mapema ndiko bora, ila hata mwezi wa 6 mtoto ananufaika. Mwezi wa 6 binti yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki yenu!

Nchi ina sheria ya tumbaku tangu 2003, na 2007 iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Shirika hilo hilo lilielekeza mwaka 2013 kwamba kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku, mapema na kila anapohudhuria. Maofisa wako walikuja mwaloni, tukawakalisha kivulini, wakaahidi kumleta muuguzi wa kuzungumza na wanawake. Masika imepita, vuli imepita, hajaja.

Sisi hatuombi jengo wala gari. Tunaomba swali. Aulizwe kila mama, kwa upole, kama anavyoulizwa udongo, na anayevuta asaidiwe kuacha badala ya kufokewa. Ugoro nao utajwe, kwa sababu mama zetu wanaunusa wakidhani hauna madhara, kumbe nikotini ni ile ile. Na waume, mnaowaita siku ya kwanza kwa kipimo cha VVU, siku hiyo hiyo waambiwe kwamba moshi wao unamfikia mtoto.

Kwenye vichanja vya jirani yangu kuna wasichana watatu wajawazito, na wawili wanavuta. Siku yao ya kliniki ni Jumatano. Nakuomba, Mheshimiwa, Jumatano hiyo waulizwe.

Bibi wa mtoto,
Mwanika dagaa