Mvinyo wa kilimo hai ukae na mbuzi choma

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wakulima wa zabibu wa Dodoma tusiotumia dawa za viwandani. Shamba langu la Hombolo linakula samadi tu. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mizabibu, naudhibiti kwa kupunguza majani hewa ipite, na ukizidi napuliza salfa, ambayo kilimo hai kinairuhusu. Ni kazi ngumu, maana huku tunavuna mara mbili kwa mwaka na mizabibu haipumziki kwa baridi kama ya Ulaya.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana kanuni mahususi za mvinyo wa kilimo hai tangu mavuno ya 2012. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wenye sukari chini ya gramu 2 kwa lita, hauruhusiwi kuzidi miligramu 100 za salfaiti (kihifadhi cha mvinyo) kwa lita, ilhali mvinyo mwekundu mkavu usio wa kilimo hai unafika 150. Hapa kwetu mnywaji hana pa kusoma hayo kwenye chupa, na hilo linaniuma.

Jambo la pili ni mezani. Wahudumu wengi wa hoteli humletea mgeni mvinyo mtamu na nyama choma, ladha ya nyama ikapotea. Mpeni mvinyo mwekundu mkavu wa Makutupora, zabibu ya hapa Dodoma, uliokaa kwenye friji kama nusu saa kwa joto letu hili. Ule ukakasi wake unakata mafuta ya mbavu za mbuzi, na kila tonge linakuja jipya. Sato wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu anataka mvinyo mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc, tena baridi kabisa.

Wenye hoteli, njooni mashambani muonje kabla ya kuagiza kutoka nje.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma