Kinachochezacheza ndani ya mtungi sio maji

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba ametapeliwa, ati mtungi wake wa gesi akiutikisa anasikia maji ndani. Mimi natengeneza majiko ya gesi hapa Busia, upande wa Uganda, na malalamiko hayo nayasikia kila mara, mtu analeta mtungi anautikisa mbele yangu kama anachagua nazi sokoni halafu ananitazama nimtaje mwizi. Hayo sio maji bana. Hiyo ndio gesi yenyewe.

Shuleni tulikariri wote, yabisi ina umbo lake, kimiminika kinafuata umbo la chombo, gesi inasambaa mpaka ijaze chombo chote. Tukafanya mtihani tukasahau. Wengi walibaki na joto tu, barafu ikipata moto inakuwa maji, maji yakichemka yanakuwa mvuke basi, lakini presha nayo inabadilisha hali ya kitu. Gesi tunayopikia ni propani na butani, propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri, kwa hiyo kwa jua letu hili zote zingetakiwa ziwe gesi. Ukizisukumia kwenye chuma kwa nguvu chembe zake zinabanwa mpaka zinakuwa kimiminika, na lita moja ya hicho kimiminika ikitoka inakuwa karibu lita 250 za gesi. Ndio maana mtungi wa kilo 6 unakupikia siku nyingi, ungekuwa na gesi tupu usingefika mbali.

Na ndio maana moto hauonyeshi kwamba gesi inaisha. Kimiminika kikibaki hata kidogo kinaendelea kutoa mvuke na presha inabaki karibu ileile, sasa unapika maharage vizuri tu, ghafla moto unasinzia na wageni wako sebuleni. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani mwagia mtungi maji ya moto kidogo ubavuni halafu pitisha mkono, penye kimiminika patabaki pabaridi, juu yake pana joto.

Wauza chapati nao huniambia mtungi "unavuja maji" kwa nje. Hauvuji. Kimiminika kikigeuka gesi kinanyonya joto la chuma, chuma kinapoa, unyevu wa hewani unageuka maji pale matone matone. Kuvuja utakujua kwa harufu, na hiyo harufu imetiwa makusudi maana gesi yenyewe hainuki. Ukiisikia usiguse swichi, zima moto wote, fungua milango, kwa sababu hii gesi ni nzito kuliko hewa inalala chini sakafuni haipandi dirishani.

Halafu kuna hii tabia ya kupika mtungi umelazwa eti gesi itoke yote. Mtungi ukisimama regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa mdomoni mwa mtungi, inachukua mvuke wa juu, ukilala inachukua kimiminika, kinafika kwenye jiko kinafumuka mara 250 na moto unaruka mpaka darini. Ukiletewa na boda umelala kwenye keria, usimamishe utulie kwanza ndio ufunge regyuleta.

Sisemi matapeli hawapo, wapo tena wengi, ila sikio halitawakamata. Mizani itawakamata. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa mhuri kwenye chuma, jumlisha kilo za gesi ulizolipia, halafu linganisha na mizani pale pale dukani. Na ukiisha upime tena, ukikuta umezidi sana ule uzito wa mhuri wakati moto umekata kabisa, hapo sasa kuna kitu kingine ndani na una kesi.

Wanaonitia hofu zaidi ni wale wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani kwa watu, kwa kukadiria macho. Mtungi haujazwi mpaka juu, nafasi kama sehemu moja ya tano huachwa, maana kimiminika kikipata joto kinatanuka na tofauti na gesi hakibanwi kirahisi. Kikikosa nafasi kinasukuma chuma. Ndugu msomaji, mwambie muuzaji wako aweke mizani mezani, akikataa hamia duka lingine.

Fundi majiko,
Busia, Uganda